Kituo cha Reli cha Pugu, 1905–2024: Kutoka Mahali pa Kupishania Treni hadi Kituo cha Kitongoji

1.0 Utangulizi

Msafiri aondokaye Dar es Salaam kwa Reli ya Kati huiacha bandari nyuma yake, hupita Buguruni, Karakata na Gongo la Mboto, kisha huanza kupanda vilima vya Pugu, takribani kilometa 20 kutoka katikati ya jiji. Hapo kuna kituo kidogo ambacho vitabu vya historia ya reli hukitaja kwa nadra, na vinapokitaja huwa ni jina tu katika orodha ya vituo. Hata hivyo, jina la kituo hicho limekuwa kubwa kuliko jengo lake. Katika Wilaya ya Ilala ipo kata iitwayo Pugu, na jirani yake ipo kata nyingine iitwayo Pugu Station. Kituo kimezaa kata, na wakazi wengi wanaotaja jina hilo kila siku hawajawahi kupanda treni hapo.

Insha hii inachunguza historia ya kituo hicho tangu kuanza kwa ujenzi wa Reli ya Kati mwaka 1905 hadi kuanza kwa safari za reli ya kisasa mwaka 2024. Swali linaloongoza uchunguzi ni hili: kituo cha reli kinakuwa cha kitongoji lini? Je, ni pale reli inapopita karibu na makazi ya watu, au ni pale watu hao wanapoweza kuitumia kwa shughuli zao za kila siku? Hoja kuu ni kwamba kwa zaidi ya karne moja Kituo cha Pugu kilitumikia reli kabla ya kuwatumikia watu waliokizunguka. Umbali wake kutoka mjini haukubadilika hata kidogo katika muda huo. Kilichobadilika ni ratiba, nauli na mtazamo wa wenye reli kuhusu nani ni abiria.

Maandishi kuhusu reli za Tanzania yamefuata njia mbili. Njia ya kwanza ni ile ya historia rasmi, ambayo mfano wake mkuu ni juzuu ya pili ya The Permanent Way ya M. F. Hill, iliyochapishwa mwaka 1957 kuhusu reli za Tanganyika. Katika njia hii, reli huonekana kutoka juu: wakurugenzi, injini, madaraja na tani za mizigo. Njia ya pili inawakilishwa na Jamie Monson, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 2009 kuhusu TAZARA ameonyesha jinsi wakulima na wafanyabiashara wadogo wa kando ya reli walivyoitumia treni ya kawaida kujenga maisha yao. Insha hii inafuata njia ya pili, lakini inaihamishia pembezoni mwa jiji, mahali ambapo reli ilikuwapo kwa miongo mingi bila kuwa njia ya wakazi.

2.0 Pugu kabla ya Reli

Vilima vya Pugu viko katika nchi ya Wazaramo. Kabla ya reli, njia ya miguu iliyotoka pwani kuelekea Mto Ruvu na bara ilipita upande huo, na kwa sababu hiyo vilima havikuwa pori lisilo na habari. Mwaka 1888 wamisionari Wabenedikto kutoka Ujerumani walianzisha misheni yao Pugu. Mwezi Januari 1889, wakati wa vita vya wenyeji wa pwani dhidi ya Kampuni ya Kijerumani, vita vinavyohusishwa na jina la Abushiri, misheni hiyo ilishambuliwa na kuteketezwa. Baadhi ya watawa waliuawa na wengine walichukuliwa mateka.

Tukio hilo lina umuhimu kwa mada hii kwa sababu linaonyesha nafasi ya Pugu katika jiografia ya kisiasa ya wakati ule. Palikuwa karibu na Dar es Salaam kiasi cha kuvutia wageni waliotaka kuanza kazi bara bila kuachana na pwani, lakini palikuwa mbali kiasi cha kutolindwa na mji. Hali hiyo ya kuwa ndani na nje ya mji kwa wakati mmoja itajirudia katika kila kipindi cha historia ya kituo.

3.0 Ujenzi wa Reli ya Kati na Kazi ya Kituo Kidogo

Kampuni ya Reli ya Afrika Mashariki ya Ujerumani iliundwa mwaka 1904, ikiwa na dhamana ya serikali ya Ujerumani. Ujenzi ulianza Dar es Salaam mwezi Februari 1905 chini ya mkandarasi Philipp Holzmann. Reli ilikuwa ya upana wa meta moja. Ilifika Morogoro, kilometa 209 kutoka pwani, mwishoni mwa mwaka 1907, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914, ikiwa na urefu wa takribani kilometa 1,250.

Miezi michache baada ya kazi kuanza, Vita vya Maji Maji vililipuka kusini mwa koloni na kuenea hadi sehemu za Uzaramo. Kwa hiyo sehemu ya kwanza ya reli, ile inayopanda Pugu, ilijengwa katika kipindi ambacho nguvukazi ilikuwa jambo la kisiasa. Vibarua Waafrika walifanya kazi ya kukata vilima, kujaza matuta na kulaza mataruma, mara nyingi chini ya wakandarasi wadogo, wengi wao Wagiriki.

Kwa nini kituo kiliwekwa Pugu? Jibu linapatikana katika namna reli ya njia moja inavyofanya kazi. Treni mbili zinazotoka pande tofauti haziwezi kupita isipokuwa moja isubiri katika njia ya pembeni. Kila baada ya umbali fulani lazima pawe na mahali pa kupishania, na mahali hapo lazima pawe na mtu wa kuruhusu treni kuingia katika kipande kinachofuata baada ya kuhakikisha na mwenzake wa kituo cha mbele kwamba njia iko tupu. Treni itokayo Dar es Salaam hukuta mwinuko wake wa kwanza wa maana Pugu, na ile itokayo bara hushuka hapo kuelekea tambarare ya mji. Kuwa na kituo mahali hapo lilikuwa hitaji la uendeshaji.

Hii ina maana kwamba mkuu wa kituo hicho kidogo alikuwa kwanza mlinzi wa njia. Kuuza tiketi na kupokea vifurushi vilikuja baada ya hapo. Usalama wa treni nzima ulitegemea ukweli wa neno lake kwa mwenzake, lakini ukubwa wa dhamana hiyo haukuonekana kwa mtazamaji wa nje, ambaye aliona tu jengo dogo, bendera na taa. Treni ilisimama Pugu kwa sababu ilimngoja mwenzake. Abiria wa Pugu, kama alikuwapo, alinufaika na kusimama ambako hakukupangwa kwa ajili yake.

4.0 Vita na Utawala wa Waingereza

Vita Vikuu vya Kwanza vilivyofika Afrika Mashariki, Reli ya Kati iligeuka kuwa uti wa mgongo wa majeshi ya Wajerumani. Mwaka 1916 majeshi ya Uingereza na washirika wake yaliteremka kutoka kaskazini; Morogoro ilichukuliwa mwezi Agosti na Dar es Salaam mwanzoni mwa Septemba. Wajerumani waliporudi nyuma walibomoa madaraja ya reli, na Waingereza wakalazimika kuyajenga upya kabla ya kuitumia njia hiyo kikamilifu.

Chini ya Waingereza reli ikawa Tanganyika Railways, na mwaka 1948 ikaunganishwa na reli za Kenya na Uganda katika Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Lengo la msingi halikubadilika: kuleta mazao ya bara bandarini na kupeleka bidhaa bara. Kwa mantiki hiyo, kilometa 20 za mwanzo hazikuwa na faida. Reli hupata mapato yake katika safari ndefu. Mzigo wa muhogo, mkaa au nazi kutoka Pugu hadi mjini ungeweza kubebwa kichwani, kwa baiskeli au kwa lori.

Hata hivyo, vituo vidogo havikuwa nje ya siasa. Mgomo wa mwezi Septemba 1947, ulioanzishwa na wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam, ulisambaa kuelekea bara kwa kufuata reli. Mwaka 1960 wafanyakazi wa reli wenyewe waligoma kwa zaidi ya miezi miwili. John Iliffe, katika historia yake ya Tanganyika ya mwaka 1979, amewapa wafanyakazi wa reli nafasi muhimu katika kukua kwa vyama vya wafanyakazi. Tukilitazama jambo hili kutoka katika kituo kidogo, tunaona maana yake zaidi. Waya uleule uliopitisha ruhusa za treni ulikuwa pia kiungo baina ya wafanyakazi waliotawanyika kilometa kwa kilometa.

5.0 Mwalimu Aliyekwenda kwa Miguu

Karibu na Pugu palikuwa na shule mbili zilizoacha alama kubwa katika elimu ya nchi. Waanglikana walihamishia Chuo cha Mtakatifu Andrea kutoka Kiungani, Zanzibar, hadi Minaki, Kisarawe, mwaka 1925. Wakatoliki nao walikuwa na Chuo cha Mtakatifu Fransisko, Pugu, ambacho baada ya uhuru kilitaifishwa na leo ni Shule ya Sekondari ya Pugu. Julius Nyerere alifundisha katika chuo hicho tangu mwaka 1953. Mwaka huohuo alichaguliwa kuwa rais wa chama cha TAA, na tarehe 7 Julai 1954 TANU ikazaliwa. Machi 1955 aliacha kazi ya ualimu ili kujishughulisha na siasa.

Masimulizi ya kipindi hiki yanasisitiza jambo moja: kwamba Mwalimu alikuwa akienda mikutanoni mjini kwa miguu, mara nyingi mwishoni mwa juma. Masimulizi hayo kwa kawaida husomwa kama ushahidi wa kujitolea kwake, na ni sawa kusomwa hivyo. Lakini kwa mwanahistoria wa reli yanaibua swali lingine. Reli ilikuwapo Pugu kwa karibu nusu karne. Kwa nini kumbukumbu ya safari hizo ni ya miguu na barabara, na si ya treni?

Tafsiri inayopendekezwa hapa ni kwamba ratiba ya Reli ya Kati haikuwa ratiba ya mji. Treni za abiria zilipangwa kwa ajili ya msafiri wa Dodoma, Tabora, Mwanza au Kigoma, ambaye saa ya kuondoka ilimhusu mara moja au mbili kwa mwaka. Mtu anayetaka kwenda mkutanoni jioni na kurudi darasani asubuhi anahitaji treni inayokwenda na kurudi kila siku kwa saa zinazojulikana. Treni ya namna hiyo haikuwa sehemu ya mpango. Kwa hiyo mwalimu wa Pugu na mkulima wa Pugu walikuwa na hali moja: waliisikia treni, waliiona ikipita, kisha wakaondoka kwa miguu.

Historia imeweka muhuri wake juu ya jambo hili kwa namna ya pekee. Barabara iliyotoka mjini kuelekea vilimani iliitwa Barabara ya Pugu. Baadaye ilipewa jina la Nyerere. Barabara ilichukua jina la mtu aliyeikanyaga, na stesheni ikabaki na jina la mahali.

6.0 Uhuru, Jiji na Daladala

Mwaka 1963 kipande cha reli kutoka Ruvu hadi Mnyusi kilifunguliwa na kuunganisha Reli ya Kati na Reli ya Tanga. Tangu hapo treni za Dar es Salaam kwenda Tanga, Moshi na Arusha nazo zilipita Pugu kabla ya kuachana na njia ya Kigoma huko Ruvu. Katika hesabu ya wenye reli, kituo kilipata umuhimu zaidi, kwa kuwa kilisimama katika shina la njia kabla halijagawanyika. Katika hesabu ya wakazi, ongezeko hilo lilikuwa ongezeko la treni za kupita.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977 na Shirika la Reli Tanzania likaundwa. Katika miaka hiyohiyo Dar es Salaam ilianza kuupita uwezo wa usafiri wake wa umma. Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, lilikosa mabasi na vipuri, na mwaka 1983 serikali iliruhusu mabasi ya watu binafsi, yaliyokuja kuitwa daladala. Uamuzi huo ndio ulioamua sura ya vitongoji vya magharibi. Makazi ya Vingunguti, Kipawa, Gongo la Mboto na hatimaye Pugu yalikua kwa kufuata barabara na vituo vya mabasi, ingawa reli ilipita sambamba nayo. Pugu Kajiungeni, barabara za Kisarawe na Chanika zinapoachana, pakawa na uhai wa biashara ambao stesheni haikuwa nao. Mnada wa mifugo wa Pugu nao, unaopokea ng'ombe kutoka mikoa ya bara, umekuja kutegemea zaidi malori.

Wakati jiji linaisogelea Pugu, reli yenyewe ilikuwa inadhoofika. Mwaka 2007 uendeshaji ulikabidhiwa kwa kampuni ya TRL, ambamo kampuni ya RITES ya India ilikuwa na asilimia 51 ya hisa na serikali asilimia 49. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliharibu njia kati ya Kilosa na Gulwe, na mwaka 2011 serikali ilirejesha umiliki wake. Madhara ya Kilosa yalifika Pugu, mamia ya kilometa mbali, kwa sababu kituo kilichotegemea treni za safari ndefu hakikuwa na kazi nyingine ya kukishikilia zilipokosekana.

7.0 Treni ya Jiji

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Foleni za barabarani zilikuwa zimegeuka kuwa suala la kitaifa. Tarehe 29 Oktoba 2012 safari za treni za ndani ya jiji zilianza katika njia mbili: TRL kutoka Stesheni hadi Ubungo Maziwa, na TAZARA hadi Mwakanga. Watu waliziita treni za Mwakyembe, kwa jina la Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, Harrison Mwakyembe. Mwaka 2016 TRL iliongeza safari za kutoka Stesheni hadi Pugu.

Kwa historia ya kituo, mwaka 2016 ni wa mageuzi kuliko mwaka wowote baada ya 1907. Reli ilikuwa ileile ya upana wa meta moja, na vilima vilikuwa vilevile. Lakini kwa mara hii Pugu ilikuwa mwisho wa safari. Treni ilifika pale ili kuwashusha watu wa pale, ikageuka na kurudi mjini kuwachukua wengine. Ilipangwa kwa saa za asubuhi na jioni, yaani kwa saa za mfanyakazi, mwanafunzi na mchuuzi. Jambo lililohitajika tangu enzi za mwalimu wa miaka ya 1950 lilitimizwa bila kujenga reli mpya, kwa kubadili ratiba na kupanga nauli inayoweza kushindana na daladala.

Ushahidi huu ndio unaoipa nguvu hoja ya insha. Iwapo reli ileile, katika mahali palepale, iliweza kuwa ya kitongoji mara tu uamuzi ulipofanywa, basi kutokuwa kwake hivyo kwa miaka mingi hakuwezi kuelezwa kwa sababu za kiufundi pekee. Kulikuwa ni uamuzi pia, hata kama hakuna aliyeutamka.

8.0 Reli ya Kisasa na Swali la Zamani

Tarehe 12 Aprili 2017 Rais John Magufuli aliweka jiwe la msingi la reli ya kisasa, maarufu kwa jina la SGR, kati ya Dar es Salaam na Morogoro. Reli hiyo ina upana wa milimita 1,435 na inaendeshwa kwa umeme. Vituo vyake katika kipande hicho ni Dar es Salaam, Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere na Morogoro. Safari za abiria hadi Morogoro zilianza Juni 2024, na uzinduzi rasmi wa njia hadi Dodoma ulifanywa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 1 Agosti 2024.

Hivyo Pugu imepata kituo cha pili, kikubwa na cha kisasa. Nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa mwaka 2024 kutoka Dar es Salaam hadi Pugu, kilometa 19, ilikuwa shilingi 1,000, na hadi Morogoro shilingi 13,000. Kwa mtazamo wa kwanza, kitongoji kimetambuliwa. Lakini mantiki ya reli ya safari ndefu imerudi pia. Treni za haraka hupita vituo vya kati bila kusimama, na reli iliyojengwa kwa mwendo wa hadi kilometa 160 kwa saa haina sababu kubwa ya kiuendeshaji ya kusimama baada ya kilometa 19. Aidha, ujenzi wenyewe ulikuwa na gharama ya kijamii jijini, kwani nyumba zilizokuwa ndani ya hifadhi ya reli zilibomolewa ili kuupisha. Miongoni mwa waliohama wamo waliokuwa wameishi kando ya reli bila kuwahi kuhesabiwa kuwa abiria wake.

Pugu sasa ina reli mbili zenye upana tofauti, na kila moja ina wazo lake kuhusu umbali. Ile ya zamani, kupitia treni ya jiji, inahesabu kilometa 20 kuwa safari kamili. Ile mpya inazihesabu kuwa mwanzo wa safari.

9.0 Hitimisho

Historia ya Kituo cha Pugu inaweza kugawanywa katika vipindi vitatu. Katika kipindi cha kwanza, 1905 hadi miaka ya 1970, kituo kilikuwa mahali pa kupishania treni na kilitumikia usalama wa njia. Katika kipindi cha pili, hadi 2016, jiji lilikifikia lakini kwa barabara, na kituo kikadhoofika pamoja na reli iliyokilea. Katika kipindi cha tatu kimekuwa kituo cha kitongoji kwa maana halisi, kisha kikapata mwenzake wa reli ya kisasa.

Matokeo haya yana maana mbili kwa utafiti. Kwanza, ramani pekee haitoshi kueleza historia ya usafiri mijini; mstari wa reli juu ya ramani hauonyeshi nani aliruhusiwa na ratiba kuupanda. Pili, vituo vidogo vinastahili kuchunguzwa kwa haki yake, kwani ndivyo vinavyoonyesha tofauti kati ya reli kupita mahali na reli kufika mahali.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na jiji linaendelea kupanda vilima. Mipango ya usafiri itakayoandikwa itazungumzia injini, umeme na mwendo kasi. Historia ya Pugu inapendekeza kwamba kabla ya yote hayo liulizwe swali jepesi: treni ya asubuhi itasimama hapo saa ngapi, na ya jioni itamrudisha mtu nyumbani kwa nauli gani?